Nauli ya Kifusi

Ukuta wa matofali wenye urefu wa mita 10, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 15 una uzito wa tani nane hivi. Maadamu umesimama, uzito huo haumsumbui mtu. Siku mafundi wanapoupiga nyundo ili ipatikane nafasi ya vyumba vingine vya kupangisha, unalala chini kwa saa chache, vipande vinatawanyika na kuchukua nafasi kubwa kuliko ukuta wenyewe, na njia ya kuingilia uani inazibika. Hapo ndipo mwenye nyumba wa Alupe, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, hukumbana na gharama ambayo haikuwamo kwenye hesabu yake ya saruji, mabati na misumari. Vifusi hivi vitaondokaje, na kwa pesa ngapi?

Angekuwa London, angepiga simu akaletewa kontena la chuma lililo wazi juu, likaegeshwa mbele ya nyumba, akalijaza kwa siku kadhaa, kisha lori likaja kulichukua. Bei ingekuwa imetajwa mapema. Alupe hiyo si biashara iliyozoeleka. Kuna mkokoteni, kuna tuktuk ya mizigo, kuna kanta na kuna tipa, na kila kimoja kina mwenyewe wa kupatana naye. Mkokoteni wa kubeba kilo 400 utahitaji safari 20 kuumaliza ukuta ule mmoja. Mwenye mkokoteni huuangalia mlima wa vifusi, huuliza unakopelekwa, hukumbuka mvua ya jana na matope ya njiani, ndipo ataje bei. Ikishakatwa, bei hiyo ni nauli tupu: ya kutoa mzigo hapa na kuufikisha pale. Pale penyewe hapalipiwi kitu. Kwa nini mambo yawe hivyo, jibu limo katika historia ya nyumba, ya kodi na ya mabaraza ya eneo hili la mpakani.

Zamani nyumba ilijiondoa yenyewe. Waiteso, Wakhayo, Wasamia na Wamarachi walijenga kwa miti, udongo na nyasi, vitu vilivyopatikana hatua chache kutoka uwanjani. Nyumba ikizeeka au boma likihamwa, mchwa walimaliza miti, mvua ikamaliza kuta, na baada ya misimu michache pale palipokuwa na nyumba pakawa shamba lenye rutuba, kwa sababu majivu ya jikoni na samadi ya mifugo vilikuwa vimelala hapo kwa miaka. Hakukuwa na mzigo wa kubeba.

Kisha kubomoa kukaanza hata kumwokolea mtu pesa. Waingereza walipoleta kodi ya kibanda mwanzoni mwa karne ya 20, kilichotozwa kilikuwa nyumba. Kila paa lilikuwa rupia, kwa hiyo paa lililopungua lilikuwa nafuu. Familia zilijibana katika nyumba chache, vijana wakakaa kwa wazee wao bila kujenga, hata mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikaongeza kodi ya kichwa ili iwafikie wanaume wasio na nyumba. Leo kuangusha nyumba ni gharama juu ya gharama. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kuliweza kumpunguzia mzee mzigo wa kodi, na vifusi vyenyewe vikarudi ardhini bila kumdai mtu.

Mpaka nao ulikuwa mchanga. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Waiteso wakajikuta pande mbili za mstari ambao hawakuuchora. Maelezo ya mpaka ya mwaka 1926 yalifuata mito: Sio, Alupe, Malaba. Mito hiyo itarudi katika habari hii, kwani taka zisizolipiwa pa kulala huteremkia huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli iliyopanda kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba kuelekea Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Pamoja na abiria na pamba, reli ilileta vitu visivyooza. Mabati, misumari, chupa, na lile debe la mafuta ya taa lenye galoni nne, ambalo lilizunguka Afrika Mashariki yote likawa ndoo, kipimo cha mahindi, na likibanjuliwa, likawa ukuta au paa. Taka hizi mpya hazikutupwa. Bati lililotolewa juu ya nyumba ya mbele lilihamia jikoni, kutoka jikoni likahamia kwenye banda la kuku, kutoka kwa kuku likaziba choo, na mwisho likawa kipande cha ua. Kila hatua ilikuwa na mteja wake. Desturi hiyo haijafa: bati kuukuu bado huuzwa kwa shiti moja moja, na mafundi hugonga misumari iliyopinda ikanyooka.

Kilichobadilisha uzito wa mambo ni saruji. Mwaka 1953 kiwanda cha saruji kilianza kazi Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba, wakati Uganda ikijiandaa kumaliza bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka uliofuata. Upande wa Kenya, kiwanda cha Bamburi kule Mombasa kilianza kuzalisha mwaka 1954. Kwa mji wa mpakani, mfuko wa saruji haukuwa tena bidhaa ya kuagizwa ng'ambo. Polepole kuta za udongo zikapigwa plasta, sakafu zikamwagwa zege, matofali ya kuchoma yakapangwa kwa simiti badala ya matope. Hilo la mwisho ndilo lililoleta vifusi. Tofali lililoshikwa kwa matope hutoka zima, likafutwa na kuuzwa tena. Tofali lililoshikwa kwa simiti hutoka vipande. Ukuta ukawa imara zaidi, na ukivunjwa ukawa hauna maana.

Sheria ilikuwa imetangulia. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, yenye asili yake mwaka 1921, inaorodhesha marundo ya taka na uchafu unaohatarisha afya miongoni mwa kero ambazo mwenye eneo anaweza kuamriwa aziondoe. Inamwambia aondoe; haimwambii apeleke wapi. Kazi ya kutafuta pa kupeleka ilikuwa ya serikali za mitaa, na hapo ndipo Busia, kama miji mingine midogo ya Kenya, ilipokosa bahati.

Baada ya Uhuru mabaraza ya kaunti yaliendesha shule za msingi, zahanati na barabara kwa kutegemea kodi ya kila mtu mzima kulingana na kipato chake. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyohamishia kazi hizo tatu serikali kuu kuanzia Januari 1970, na kodi ikaondoka nazo. Mabaraza yalibaki na masoko, leseni, makaburi na taka. Baraza lililokuwa na majaa ya kusafisha halikuwa na pesa ya kununulia lori, na lilipopata lori halikuwa na pesa ya dizeli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo sehemu ya kodi ya mapato ilipoanza kurudishwa mashinani kupitia mfuko maalumu wa mabaraza. Wakati huohuo leseni nyingi za biashara ziliunganishwa zikawa kibali kimoja, na kwa mfanyabiashara wa sokoni usafi ukawa umefichwa ndani ya karatasi hiyo. Mwenye nyumba hakuwa na karatasi. Kwa miongo mitatu watu wa Busia na Malaba walijifunza kwamba taka ya sokoni huchukuliwa na baraza siku lori likiamka, na taka ya nyumbani ni ya mwenyewe.

Mwenyewe aliichimbia shimo. Shimo la taka nyuma ya nyumba, likijaa, huchomwa moto. Likijaa tena, hufukiwa na jingine likachimbwa. Vifusi navyo vilikuwa na shimo lake: choo kilichojaa. Busia ndiyo kaunti ya kwanza ya Kenya kutangazwa kuwa imeacha kujisaidia porini, na hesabu ya ushindi huo ni hesabu ya mashimo ya vyoo. Shimo kuukuu linahitaji kufunikwa kwa kitu kizito ili mtoto au ng'ombe asitumbukie. Vipande vya tofali na zege hufaa kuliko udongo mtupu. Hivyo ukuta uliovunjwa juu ya ardhi uliingia chini ya ardhi hatua 20 kutoka uliposimama, na nauli ikawa jasho la vijana wa nyumbani na toroli la kuazima.

Alupe yenyewe ilichelewa kuwa mji. Kwa miaka mingi jina hilo lilitajwa pamoja na ukoma. Hapo ndipo palipokuwa na kituo cha utafiti wa ukoma kilichohudumia Afrika Mashariki nzima, chini ya taasisi za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, na jirani yake kambi ya wagonjwa waliotengwa na jamaa zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ikaundwa mwaka 1979, kituo kiliingia mikononi mwa taasisi hiyo. Mahali palipochaguliwa kwa ajili ya watu wa kutengwa palikuwa na ardhi ya kutosha na majirani wachache. Kifusi hakikuwa tatizo la mtu.

Mwaka 2015 chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa hapo, na mwaka 2022 kikapewa hati yake kuwa Chuo Kikuu cha Alupe. Wanafunzi wanahitaji vyumba. Mashamba ya mihogo na mtama kando ya lami yakaanza kuota majengo ya vyumba vya kupangisha, maduka ya kuchapisha karatasi na vibanda vya chapati. Ploti iliyokuwa na nafasi ya mashimo matatu ya taka sasa ina vyumba 12 na choo kimoja cha pamoja. Hapana pa kuchimba tena. Vifusi, ambavyo mababu waliviachia mvua na baba waliviingiza chooni, kwa mara ya kwanza vinalazimika kusafiri.

Na vinaposafiri, hupungua njiani. Anayeajiri vijana wa mjengo kuvunja ukuta hujua kwamba mzigo hautaondoka wote. Nondo hutolewa kwanza, zikanyooshwa kwa nyundo au zikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huohuo, na katikati mzani wa mnunuzi wa mtaani ulilala. Baada ya nondo hufuata matofali mazima, milango, fremu za madirisha, waya. Kinachobaki ni vipande vya tofali, plasta na zege, na hata hivi vina wateja.

Mteja wa kwanza ni tope. Mvua za masika hugeuza nyua za Teso kuwa utelezi, na mwenye ploti ya bondeni hufurahia tipa la vifusi kama zawadi. Mteja wa pili ni mashimo ya wachoma matofali. Anayechimba udongo wa kufyatulia matofali huacha bwawa, na bwawa huzaa mbu katika kaunti ambayo malaria haijawahi kuipa likizo. Busia ni miongoni mwa maeneo ya kwanza ya Kenya kupewa chanjo ya malaria ya watoto ilipoanza kutolewa Septemba 2019. Kwa hiyo tofali lililotoka shimoni likachomwa, likajengwa na kuvunjwa, linaweza kurudi likafukia shimo la namna ileile.

Hapo nauli hucheza. Dereva wa tipa aliyeleta mchanga anarudi mtupu, na safari ya mtupu ni hasara. Akijua jirani anayetaka kujaza uwanja wake, atachukua vifusi kwa bei ndogo, kisha atapokea chochote kwa anayeshushiwa. Mzigo mmoja, malipo mawili. Asipomjua mtu huyo, bei hupanda mara moja, kwa sababu sasa analipwa kubeba na kutafuta pa kumwaga. Vifusi vilivyochanganyika na nepi, plastiki na vipande vya chupa havina wa kuvipokea hata kwa bure, na bei yake hupanda zaidi. Bei ya kuondoa kifusi Alupe hufuata usafi wake, umbali wake, na kama kuna mtu upande wa pili anayekingojea. Uzito huja nyuma ya hayo yote.

Kontena la kukodi lilizaliwa katika mazingira mengine kabisa. Katika miaka ya 1930 kampuni ya ndugu wa ukoo wa Dempster huko Knoxville, Tennessee, ilitengeneza lori lenye mikono ya kuinua kontena la chuma na kulimwaga, na mmoja wao, George Dempster, baadaye akawa meya wa mji huo. Faida yake ilikuwa kwamba lori la bei ghali halikungoja vibarua wajaze. Liliacha chombo likaenda kufanya kazi nyingine. Hesabu hiyo inaingia akilini pale ambapo mishahara ni mikubwa na lori ni adimu kuliko muda. Busia mambo ni kinyume chake: kibarua hupatikana kabla ya lori kuzimwa, na vijana wanne wenye sepetu hujaza kanta dereva akinywa chai.

Tofauti kubwa zaidi imo katika mahali pa mwisho. Uingereza, anayetaka kuweka kontena barabarani lazima apate ruhusa ya mamlaka ya barabara chini ya sheria ya mwaka 1980. Tangu Oktoba 1996 kuna kodi ya kufukia taka: ilianza kwa pauni 7 kwa tani ya taka za kawaida na pauni 2 kwa tani ya vifusi visivyooza. Kiwango cha juu sasa kimepita pauni 120. Mkenya wa Leicester anayelipia kontena hulipa lori, hulipa dereva, na ndani ya bei hiyo hulipa shimo. Shimo likiwa ghali, makampuni yakaona afadhali kusaga zege na kuliuza tena kuwa kokoto za barabara.

Afrika Mashariki imekuwa ikilipia shimo kwa njia nyingine. Dar es Salaam, wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji katika kesi ya mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu ya jaa lililokuwa milangoni mwao, wakashinda, na jaa likafungwa mwaka 1991. Kampala, jaa la Kiteezi lililofunguliwa mwaka 1996 liliendelea kupokea taka baada ya kujaa. Tarehe 10 Agosti 2024 lilibomoka na kufunika nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kilichoonekana kuwa bure kwa aliyetupa kilikuwa na bei, na bili ilipelekwa kwa aliyeishi jirani na jaa.

Mpakani bili hiyo hufuata maji. Tipa lisilo na mteja wa vifusi hutafuta bonde, na mabonde ya hapa huishia kwenye mito iliyochora mpaka. Mto Sio huingia Ziwa Victoria. Mto Malaba huenda Uganda na kuteremka kuelekea Kyoga. Kifusi kilichomwagwa ukingoni hubana njia ya maji, na masika yakija maji hupanda kwenye mashamba ya mtu ambaye hakuvunja ukuta wowote. Nchi hizi mbili zimekuwa na mradi wa pamoja wa mabonde ya Sio, Malaba na Malakisi chini ya ushirikiano wa mataifa ya Mto Nile. Dereva wa tipa la usiku haendi kwenye mikutano ya mradi huo.

Tangu mwaka 2006 Kenya imekuwa na kanuni zinazomtaka msafirishaji wa taka awe na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na hati inayofuata mzigo kutoka ulikotolewa hadi ulikopokelewa. Kanuni hizohizo zimeiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari, na hapo mwenye jengo kuukuu lililoezekwa kwa vigae vya asbesto hugundua aina pekee ya kifusi ambayo mkokoteni hautakiwi kuigusa kwa bei yoyote. Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya taka. Kisha ikaja sheria ya taka ya mwaka 2022, iliyozitaka kaunti zijenge vituo vya kuchambua na kurejesha taka ndani ya miaka miwili.

Watu wa Busia na Malaba wanajua jinsi sheria inavyobadilisha bei. Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa faini iliyoanzia shilingi milioni 2, mfuko uliokuwa ukitolewa bure dukani ukawa bidhaa ya magendo, ukivushwa kutoka Uganda chini ya viti vya baiskeli na ndani ya nguo. Kitu kilekile kilikuwa takataka Jumapili na mali Jumanne. Vifusi havina mvuto huo. Hakuna anayevificha kiunoni, na hakuna askari wa kaunti anayeweza kusimama kila bonde usiku.

Ili mahali pa mwisho pawe na bei, lazima kwanza mzigo ujulikane ukubwa wake. Malori ya transiti yanayokuja Malaba kutoka Mombasa hupita kwenye mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayaruhusu tani 56 na hakuna zaidi. Tipa la vifusi la Alupe, kwa upande wake, uzito wake hukadiriwa kwa macho. Jaa lisilo na mzani haliwezi kutoza kwa tani. Litatoza kwa safari, na ada ya safari humwadhibu mwenye mkokoteni wa kilo 400 huku ikimpendelea mwenye tipa la tani 10. Kaunti ikitaka watu waache mabonde, itabidi iamue kama mkokoteni uingie jaani bure, na kama tani ya matofali safi ilipe sawa na tani ya taka iliyochanganyika.